Watu wa Alhamisi

Wifi yangu Justina alikuwa mtu wa kazi, si mtu wa maneno. Kaka yangu Abe alipomleta nyumbani mara ya kwanza, mama yetu alimtengea kahawa na mkate, akamhoji kama mama yeyote anavyomhoji mchumba wa mwanawe. Alichoambulia ni jina la baba yake, na kwamba hatii sukari kwenye kahawa. Baadaye mama alisema binti yule ama ana kiburi ama ana busara, tutajua wakishaoana. Wakaoana, wakamzaa Karla, na sisi bado hatukujua. Tulijua tu kwamba anaamka kabla ya jua, anakwenda kwenye duka la nyama la mji wetu mdogo, Coaldale, anafunga aproni, na anatengeneza soseji za kukaushwa kwa moshi ambazo watu wanaziendea kutoka miji ya mbali.

Tumbo lake lilianza kukua mwaka ule baridi ilipowahi, viazisukari vikaganda ardhini kabla ya kuvunwa. Mikono ilikuwa inakonda, uso unakonda, tumbo linaongezeka. Kanisani kwetu watu wana adabu, wakanyamaza. Dukani hawakunyamaza. Bosi wake, Corny Klassen, ni mtani wa kila mtu, akamuuliza mbele ya wateja kama soseji anazokula azikate kwenye mshahara.

"Kata," Justina alisema, akaendelea kusaga nyama.

Nilimwambia aende kwa daktari. Akasema ni mambo ya umri. Baadaye kitovu kikatokeza nje, na hilo halikuwa la kubisha, kwa sababu aproni haikufunga tena. Daktari wa mjini akasema ni ngiri, ikapangwa siku ya kuirekebisha, kazi ya asubuhi moja.

Yule daktari kijana aliyempasua hakukuta ngiri tu. Alikuta tumbo limejaa ute mzito, mfano wa jeli, umezunguka kila kitu. Akachukua kidogo cha kupima, akamfunga, akatoka. Abe alikuwa amesimama koridoni na kofia mkononi. Daktari akamweleza yote palepale, wauguzi na matoroli wakipita. Abe akaja nilipokaa, akashindwa kusema, nikamwendea daktari mimi mwenyewe. Nikampigia simu Karla huko Red Deer. Karla akampigia mchungaji. Kwa hiyo Justina alipozinduka, alikuwa amezungukwa na watu wanaojua, na yeye ndiye asiyejua. Aliyasoma kwenye nyuso zetu kabla daktari hajaingia.

Ilikuwa saratani iliyoanzia kwenye kidole tumbo. Ilipasuka polepole, pengine kwa miaka, ikajimwaga na kuota kila ilipogusa. Daktari alieleza vizuri, kwa sauti ya chini. Justina alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Jumatatu anaweza kwenda kazini.

Tulidhani ni ushujaa. Nilichukua muda kuelewa kwamba haukuwa ushujaa. Aliporudi nyumbani alisafisha friza, akafua mapazia, akapanga mitungi ya jemu. Abe alikuwa anakwenda kulia gereji, anarudi macho mekundu, na Justina anampa taulo bila kuuliza. Siku moja tukimenya viazi nilimuuliza kama haogopi.

"Wifi, umewahi kung'olewa jino?" akaniuliza. "Ile sindano. Unajiuma mdomo, damu inatoka, wewe hujui. Ndivyo nilivyo. Naipapasa hofu, siioni."

Akaendelea kumenya.

Tulipelekwa Calgary, kwenye hospitali kubwa, kwa watu wanaoshughulika na saratani za tumbo za namna ile. Aliyetupokea alikuwa muuguzi wa kiume, Renato, Mfilipino aliyekaa Calgary nusu ya maisha yake. Kazi yake ilikuwa kuwaunganisha madaktari wote na mgonjwa mmoja, na simu yake haikunyamaza hata alipokuwa anakunywa chai. Alimwambia Justina, akimwita kwa jina la ukoo wetu, kwamba hapa hana daktari wake mmoja.

"Unao kama kumi hivi, Mama Dyck. Kila Alhamisi wanajifungia chumbani wanagombana juu ya wagonjwa. Alhamisi hii ni zamu yako. Ukisikia wamegombana sana, furahi, maana yake wamekuangalia."

Mkubwa wa upasuaji alikuwa Dakta Aasen, mama mrefu mwenye nywele nyeupe, mtoto wa wafugaji wa upande wa Camrose, na mikono yake ilikuwa mipana kama ya mkamuaji. Sikumsikia hata siku moja akificha jambo. Ndiye aliyetueleza yaliyosemwa Alhamisi ile.

Dakta Pillai, msomaji wa picha, aliwaonyesha wenzake ute juu ya ini, kwenye bandama, na chini kabisa nyongani. Kisha akawaonyesha kivuli kwenye shina la utumbo mwembamba, pale mishipa yote ya damu inapoingilia. Saratani ikikamata pale hakuna kisu kitakachosaidia. Akasema waziwazi kwamba kwa picha ile yeye hamshauri mtu kumpasua. Daktari wa dawa za saratani akasema dawa za mshipani haziuwezi sana ugonjwa wa namna hii. Dakta Aasen akasema yeye anataka kujaribu. Ndipo daktari wa usingizi, Gagnier, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, akauliza kama kuna aliyeangalia uzito wa mama huyu, kwa maana alivyokonda atawafia mezani kwa njaa kabla ya saratani. Mtaalamu wa lishe akaomba apewe muda amnenepeshe.

Wakakubaliana hivi: alishwe kwanza, kisha wamchungulie kwa kamera nyembamba kupitia tundu dogo, kisha wakae tena. Renato alisema hakuna aliyetoka chumbani amepata alichokitaka.

Basi Justina akalishwa. Akina mama wa kanisa walileta vereniki, vile vipande vya unga vilivyojazwa jibini na kuchemshwa, zikiogelea kwenye mchuzi wa malai, siku hadi siku, mpaka friji ikagoma kufunga. Alikula zote. Nilimuuliza ni za nani tamu zaidi, akasema hajui, anatafuna tu. Elma Giesbrecht, mwenyekiti wa kina mama, alikasirika kidogo niliposhindwa kumpelekea sifa.

Kamera ikaingia. Picha zake zikapelekwa Alhamisi, na Dakta Pillai akazitazama kwa muda mrefu kuliko wote. Kisha akasema kivuli alichokiona kilikuwa ute mtupu uliolala pale, haukuota. Alikuwa amekosea. Waendelee.

Hapo nilidhani mambo yamekwisha, kilichobaki ni tarehe. Dakta Aasen alituita, Justina, Abe na mimi, na Renato akiwa pembeni. Akaeleza kila kitu bila kukipamba. Watalipasua tumbo kutoka kifuani hadi chini. Watabandua utando ulioota saratani, wataondoa bandama, mji wa mimba, na utumbo wowote ulioshikwa. Kisha, kabla ya kufunga, watazungusha ndani ya tumbo dawa ya saratani iliyopashwa moto, ili iue visivyoonekana kwa macho. Huenda akaamka na mfuko wa choo ubavuni, na huenda ukawa wa maisha. Huenda asiamke.

"Sasa niambie," akasema, "unaitaka?"

"Nyinyi ndio mnaojua," Justina alisema.

Dakta Aasen aliweka kalamu mezani. "Siwezi kumpasua mtu kwa jibu hilo."

"Daktari, amekubali," Abe aliingilia. "Yeye ndivyo anavyosema ndiyo."

"Sikukuuliza wewe, Bwana Dyck."

Hakusema kwa ukali, lakini Abe alirudi nyuma kitini. Justina alikuwa anaangalia mikono yake juu ya mkoba. Nilitaka kumfinya. Miezi yote ile alikwenda alikoambiwa, akala alichopewa, akavua nguo alipoambiwa avue, na hakuna aliyemuuliza kitu ambacho jibu lake lilikuwa lazima litoke kwake.

Renato akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Haya, Mama Dyck. Unachokitaka tukiache. Niambie usichokitaka."

Daktari hakuangalia saa.

"Sitaki kuwa wa mwisho kujua," Justina alisema hatimaye. "Mara ile walimwambia Abe, korido nzima ikisikia. Nikazinduka, kila mtu ananitazama kama nimeshazikwa. Safari hii mkimaliza mniambie mimi. Kabla ya Abe. Kabla ya wifi. Hata kama mtakaa kunisubiri niamke."

Abe akainamisha kichwa. Mimi pia sikuwa na pa kuangalia.

"Na mfuko?" daktari akauliza.

"Mfuko haunisumbui. Mimi nashika matumbo kila siku."

Renato alicheka wa kwanza, daktari akafuata. Justina hakucheka. Akachukua kalamu, akaniuliza ile ilikuwa tarehe ngapi, akatia sahihi. Tulipotoka, Renato aliniambia pembeni kwamba hilo liliwatosha. Mtu anayepanga atakavyopewa habari akiamka, angalau amefikiria kuamka.

Yaliyotokea siku ya upasuaji niliyasikia baadaye kwa waliokuwamo chumbani, Justina mwenyewe akiwapo na akiwa ameruhusu. Walianza asubuhi. Mchana walikuwa wamefika upande wa ini, Dakta Aasen mikono yote miwili imezama ndani, ndipo Gagnier aliposema simama. Shinikizo la damu lilikuwa linaporomoka. Dakta Aasen akabana palipokuwa panavuja kwa vitambaa, akasimama, mikono imetulia palepale. Gagnier na watu wake wakaongeza damu, wakaongeza dawa. Daktari mmoja mwanafunzi akauliza kama waendelee. Dakta Aasen akamwambia si yeye wa kuulizwa hilo. Wakasimama wote, wamezunguka tumbo lililo wazi, mpaka yule mtu mfupi wa kichwani kwa mgonjwa aliposema haya, endeleeni.

Mrija wa mkojo unaotoka figo ya kulia ulikuwa umezongwa na saratani, ikabidi ukatwe na kuunganishwa upya. Hiyo haikuwa kazi ya Dakta Aasen. Daktari wa mkojo alikuwa tayari ameshanawa, anasubiri, kwa sababu Alhamisi walishasema huenda akahitajika. Alishona, akatoka. Kisha wakaingiza ile dawa ya moto, na kwa zamu wakawa wanalikanda tumbo kwa nje, ili dawa ifike kila pembe. Chumba kilikuwa na joto, jasho linawatoka. Justina alipoelezwa habari hiyo alifikiri kidogo, akasema, "Kumbe walinikanda kama unga."

Sisi tulikuwa chini, chumba cha kusubiria, mimi, Abe na Karla. Renato alikuja mara kwa mara kusema wapo kazini, basi, hakuongeza neno. Jua lilipoelekea milimani, Dakta Aasen alitokea, alama za kofia zimechora paji la uso. Abe akasimama.

"Yuko hai," akasema. "Mengine yote ni yake. Nilimwahidi."

Karla akapandwa na hasira. Akasema mama hana fahamu, ana mrija kooni, sasa baba akae bila kujua kitu mpaka lini? Dakta Aasen alimtazama Abe tu. Abe aligeuzageuza kofia yake.

"Tutasubiri, mwanangu," alisema. "Kaa chini."

Tulisubiri. Walimwacha alale usingizi wa dawa kule kwa wagonjwa mahututi, na kila tulipoingia tulimkuta amevimba, uso si wake. Abe alikuwa anamshika kidole kimoja, kwa kuwa vingine vilikuwa na nyaya. Hakumuuliza muuguzi hata mmoja swali. Nilimheshimu kaka yangu siku zile kuliko siku yoyote tangu tulipokuwa watoto.

Walipomtoa mrija na akili zikamrudia, Dakta Aasen na Renato waliingia, wakavuta pazia. Tulisikia sauti, hatukusikia maneno. Kisha wakatoka, na Justina akaita jina la mumewe kwa sauti iliyopasuka.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia. Kilichoonekana kwa macho kimetoka chote. Mfuko upo, ni wa kudumu. Ugonjwa unaweza kurudi, watakuwa wanampiga picha. Alizisema habari hizo kama anavyomsomea mteja uzito kwenye mizani. Abe alilia kwenye shuka. Justina alimwekea mkono kichwani, akawa anatazama dirishani. Baadaye aliniambia alikuwa anaingoja furaha. Aliisubiri kwa nia njema kabisa, haikuja. Hata huzuni haikuja. Alisikia tu kiu.

Kabla hatujaruhusiwa akashikwa na homa. Usaha ulikuwa umejikusanya chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, mahali ambapo kupasua tena kungekuwa hatari. Aliyekuja kuuvuta kwa mrija mwembamba, akiongozwa na picha, alikuwa Dakta Pillai. Nilikuwapo alipojitambulisha.

"Mimi ndiye niliyesema usipasuliwe," alimwambia.

"Nimesikia."

"Kwa picha ile, ningesema hivyo tena."

"Vizuri," Justina alisema. "Hata dukani kwetu tunaye wa namna hiyo. Bila yeye tungeshauza nyama mbovu."

Dakta Pillai hakujua acheke au vipi. Akavuta usaha, homa ikashuka.

Walimfundisha kutembea, na alitembea. Walimfundisha kubadilisha mfuko, akajifunza upesi kuliko walivyozoea. Lakini Renato hakupenda lile jicho lake kavu, akamletea mshauri wa nafsi, mama mtulivu wa makamo. Huyu alikaa naye mara kadhaa, akatuambia tusimkimbilie. Hili lilianza siku alipozinduka akakuta watu wanajua yeye hajui, na mwili wakati mwingine hujizima ili uvuke. Utawaka kwa wakati wake, labda kwa kidogo, labda kwa jambo tusilolitarajia. Tusimlazimishe kushukuru.

Hilo la mwisho tulilisahau tulipofika nyumbani. Akina mama wa kanisa walitaka kumfurahisha, kwa hiyo wakati yuko Calgary walikuwa wameingia jikoni kwake na brashi, Elma Giesbrecht mbele, wakapaka rangi ya kiini cha yai, kuta zote nne. Walijipanga mlangoni na keki, na Karla alikuwa ameweka maua ya plastiki mezani. Justina alisimama akiwa ameshika tumbo, akazungusha macho ukuta huu hadi ule.

"Asanteni," alisema, akaenda kulala.

Kiangazi kikapita. Corny alimwekea kiti kirefu dukani, akawa anakwenda nusu siku kufunga soseji tu, marufuku kuinua. Corny aliacha utani kwa muda, mpaka Justina alipomuuliza nani kafa. Picha ya kwanza ikatoka safi. Ya pili ilikuwa na kitu kidogo upande wa ini, pengine kovu, pengine siyo, na watu wa Alhamisi wakakubaliana kukitazama tu. Renato alimpigia yeye, naye akatuambia wakati wa chakula, baada ya kumpa Abe chumvi. Sawa, alisema kwa ile safi. Sawa, alisema kwa hii.

Januari ikaja na zile siku zake chache ambapo upepo wa joto unateremka kutoka milimani, theluji inayeyuka mchana mmoja, na watu wanafungua madirisha kama wendawazimu. Siku hiyo simu yangu ililia.

"Wifi, una nguo chakavu?"

"Ninazo."

"Zivae. Njoo."

Nilimkuta jikoni, meza imesukumwa katikati, magazeti sakafuni, na ndoo ya rangi ya kijivu iliyofifia, ile iliyokuwapo zamani. Alikuwa ameshapaka ukuta wa dirishani. Jasho linamtoka, nywele zimemgandia shingoni. Nikamwambia daktari akimwona atanilaumu mimi.

"Naichukia hii njano," alisema. "Naichukia kweli kweli, wifi. Tangu siku ile. Kila asubuhi nashuka ngazi naikuta inanikodolea macho. Nani aliwaambia? Jikoni kwangu! Mtu anatoka kufanywa vile, anarudi anakuta hata ukuta wake si wake."

Uso ulikuwa umemwiva. Nilichukua brashi, kwa kuwa niliogopa nikisema neno atanyamaza. Hakunyamaza. Alimsema Elma, akamsema Karla kwa yale maua ya plastiki, akamsema yule daktari kijana wa kwanza kwa maneno ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake na sitayaandika. Aliposhindwa kusimama alikaa kwenye kiti, akanielekeza mimi pa kupaka, akanilaumu kwa kuacha michirizi. Akaenda kubadilisha mfuko, akarudi akiendelea palepale alipoachia.

Abe aliingia jioni, akakuta wanawake wawili wenye madoa ya kijivu. Alitazama kuta. Akatundika kofia.

"Elma atasema nini?"

"Aseme," Justina alisema. "Vua viatu."

Elma alikuja Jumapili iliyofuata baada ya ibada, kwa kahawa, kama desturi. Aliketi mahali anapoketi siku zote, akatazama ukuta wa mbele yake, akatazama wa nyuma. Justina alimmiminia kahawa, akaweka mkate, soseji baridi, jibini. Tulisikia visu kwenye sahani. Mwisho Elma akasafisha koo, akaomba asogezewe jemu.